Mbao Alizofichwa Mama Sheryl

Khubaib hakumaliza hata kikombe cha chai. Alikuwa ameshuka basi la Lamu asubuhi ile, begi lingali mlangoni, vumbi la safari lingali kwenye nyusi, na jambo la kwanza alilolitaka ni kwenda ukumbini kuziona mbao zake. Kwa miezi mitano, akiwa juu ya ngazi akitengeneza dari la msikiti, alikuwa akizifikiria kama mzazi anavyomfikiria mtoto aliyemwacha kwa jirani. Akavuta turubai. Akasimama.

"Fadhiya!"

"Labeka."

"Njoo hapa."

Fadhiya alikuja na birika mkononi ingawa hakuna aliyeliitisha. Alijua anachoitiwa. Tangu jana mchana moyo wake ulikuwa kama nguo inayofuliwa, unapigwa huku, unakamuliwa kule.

Khubaib aliuteremsha ubao wa juu, akaulaza sakafuni. Ubao wa mvule, futi nane kwa urefu, ulipaswa kulala kimya kama mkeka. Haukulala. Aliukanyaga pembe moja kwa kidole cha mguu, pembe ya pili ikainuka. Alipouachia ulibembea, ko, ko, ko, kama kiti kibovu cha mkahawani. Akateremsha wa pili, ule ulikuwa umejikunja kama kigae cha paa. Wa tatu ulikuwa umejinyonga kutoka mwisho hadi mwisho, mithili ya kitambaa kilichokamuliwa. Mbao zilikuwa kumi na nne. Alipofika wa mwisho, zilizonyooka zilikuwa tatu.

"Nani aliyezigusa?"

"Aziguse nani? Nyumbani ni mimi na Fahmi, na Fahmi kutwa yuko chuoni."

"Vijiti havikukaa nilivyoviweka." Alikionyesha kijiti kimoja kati ya vile vilivyotenganisha ubao na ubao. "Mimi navipanga kimoja juu ya mwenzake, mstari mmoja toka chini hadi juu. Hivi vimekwenda kila mahali."

Pale Fadhiya angeweza kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini alipofungua kinywa lilitoka jingine.

"Alikuja Mama Sheryl," alisema. "Wiki ya pili tu baada ya wewe kuondoka. Alizitazama sana. Akazipapasa mojamoja. Hata mashaallah hakusema."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo sababu lilitoka kwa urahisi. Khubaib hakuwa mtu wa kuamini jicho. Alikuwa mtu wa msumeno na randa. Lakini Mama Sheryl alikuwa na mume, na jina la mume huyo lilimwingia Khubaib penye kidonda.

"Mung'aro," alisema polepole. "Wajua kuwa Bi Mahira alianza kwake kuulizia kazi hii? Kabla hajaja kwangu. Na mimi, kwa ujinga wangu, gogo nikampelekea yeye alipasue kwa mashine yake."

Bi Mahira alikuwa akiitengeneza upya nyumba ya babu yake, mtaa wa Ndia Kuu, na alitaka mlango wa nakshi wa kizamani, wa mabawa mawili na mfaa, ule mti wa nakshi, katikati, uwe umetungikwa kabla ya Ramadhani kuandama. Zilibaki wiki saba. Mafundi wa milango ile waliobaki mjini mtu angewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na Khubaib hakuwa amepata kazi ya mlango mzima kwa miaka minne. Mikono yake ilikuwa ikitengeneza dari, vitanda na miguu ya meza. Mlango huu ndio uliokuwa umrudishe kwenye jina lake.

"Kesho naenda Majengo," alisema. "Ataniambia alizifanya nini mbao zangu."

*

Zamani Mung'aro alikuwa mwanafunzi katika nyumba hiyohiyo. Aliletwa na mjomba wake kutoka Kaloleni, akakaa miaka saba akijifunza kwa Khubaib, na miaka minne ya mwisho aliishi chumba cha uani pamoja na mkewe mgeni, Mapenzi, binti mwembamba aliyekuwa akiosha vyombo vya Fadhiya bila kuambiwa. Fadhiya alimpenda. Alimpa leso zake kuukuu, alimfundisha kukanda unga wa mahamri. Ni rahisi kumpenda mtu anayekaa chini yako.

Halafu wakahamia Majengo. Mung'aro akanunua mashine ya kupasulia magogo, kisha ya pili. Mapenzi akazaa, akawa Mama Sheryl, akajengewa nyumba ya mawe. Watu wakamletea Fadhiya habari: sakafu ya vigae, mama, unajiona uso! Na friji ya milango miwili. Kila habari Fadhiya aliijibu, "Alhamdulillahi, wamehangaika."

Ila si vigae vilivyomuumiza zaidi. Kilichomuumiza ni jambo dogo ambalo hakuna mtu mwingine angelikumbuka. Siku Khubaib alipokwenda kupatana bei ya kupasua gogo, Fadhiya alikuwepo. Mung'aro alikuna kichwa akasema, "Fundi, hapo niruhusu kwanza nimuulize Mama Sheryl." Njia nzima ya kurudi Khubaib alicheka. Mwanamume amuuliza mkewe bei ya msumeno! Fadhiya alicheka pamoja naye. Usiku alilala akiutazama ubavu wa mumewe, akajiuliza ni lini yeye aliulizwa jambo lolote, hata rangi ya pazia.

Kisha Mama Sheryl akaja kumtembelea na kikapu cha mihogo. Mbao zilikuwa mpya ukumbini, zimetoka kwenye mashine, bado zina ubichi. Khubaib alizipanga mwenyewe kabla ya safari, na alichomwambia mkewe ni neno moja: usiziguse. Mama Sheryl alisimama mbele ya mbao muda mrefu. Alipitisha kiganja juu ya ubao kama mtu anayempapasa mtoto mgongo.

"Mbao hizi, Mama Fahmi! Zikiwa mlango, mtu atapita nyumba kumi kisha arudi nyuma kuutazama. Mungu azibariki."

Ndivyo alivyosema, Mungu azibariki, kwa namna ya watu wa kanisani. Lakini Fadhiya alisikia lile lisilosemwa. Aliyaona macho. Aliujua mtazamo ule, kwa kuwa ndio aliokuwa nao yeye kila alipotajiwa vigae.

Jioni ileile alikwenda sokoni Marikiti akamwita Kingi, hamali aliyezoea kumbebea magunia ya unga. Wakazihamisha mbao zote hadi chumba cha uani. Pamoja na vijiti vyake hazikuenea, basi Fadhiya akaviondoa, akavitia guniani. Mbao wakaziegemeza ukutani, mmoja juu ya mwingine, wakazizungushia nailoni upande wa mbele, na juu ya nailoni turubai, na juu ya turubai kamba. Fadhiya akasoma alichojaliwa kukisoma, akapuliza. Sasa aje na macho yake, alisema moyoni.

Ukuta ule, kwa upande wa pili, ulikuwa wa jikoni. Na Fadhiya alikuwa muuza mahamri. Kila alfajiri kwa karibu miezi mitano aliwasha jiko la kuni, ukuta ukapata moto, mbao zikakauka mgongo huku tumbo likitoa jasho ndani ya nailoni. Aliyajua hayo jana tu, Khubaib alipopiga simu kusema yuko njiani. Alifungua kamba ili Kingi azirudishe ukumbini, na Kingi akapiga mluzi.

"Mama Fahmi," alisema, "mbao zako zimezeeka kabla yetu."

*

"Waja kufanya nini?" Khubaib alimuuliza asubuhi.

"Nimsalimie Mama Sheryl."

Mbao mbili mbaya kuliko zote zilikuwa kwenye mkokoteni, na aliyekuwa akiusukuma, kwa bahati mbaya ya Fadhiya, ni Kingi. Alipoziona alianza, "Mama Fahmi, hizi te—" na Fadhiya akapatwa na kikohozi kirefu ambacho kilimfanya Khubaib amgeukie. Kingi alikuwa amefanya uhamali miaka ishirini. Alifunga kinywa, akainamia mkokoteni wake, akasukuma.

Karakana ya Mung'aro ilisikika kabla ya kuonekana. Lori lilikuwa limesimama nje na magogo, na mwenye lori, mkandarasi mmoja mnene aitwaye Barnabas, alikuwa akipatana bei. Mung'aro alipomwona Khubaib alizima mashine, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja nusu akikimbia.

"Shikamoo fundi! Umerudi lini? Karibu, karibu kiti. Mama, karibu."

"Sikuja kukaa," alisema Khubaib. "Nimekuja kukuonyesha kazi yako."

Kingi aliziteremsha. Ubao wa kwanza ulibembea juu ya saruji, ko, ko, ko, na wafanyakazi watatu wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Gogo nilikupa zima," Khubaib alisema kwa sauti ya watu wote. "Mkono huu ndio uliokufundisha kushika msumeno. Lakini siku hizi wewe ni wa mashine, wa haraka haraka, pesa ziingie. Au ni kwa vile Bi Mahira alikuacha akaja kwangu? Sema. Kama ni hilo, sema nijue."

Mung'aro aliusogelea ubao. Alichuchumaa. Aliulenga ubao kwa jicho moja, akapitisha kiganja upande wa juu, akaugeuza, akapitisha upande wa chini. Akarudia tena upande wa juu.

"Fundi, upande huu haukukaukia hewani. Ulikaa na moto."

"Moto gani? Ukumbini mwangu napika pilau?"

Watu walicheka. Hata Barnabas alicheka. Mung'aro aliinama zaidi, pua yake ikakaribia ubao kabisa, akavuta pumzi. Kisha akainua uso na macho yake yakatua kwa Fadhiya. Ilikuwa ni muda wa kupepesa tu, lakini Fadhiya alihisi kama amevuliwa buibui mbele za watu.

"Pengine ni mimi, fundi," alisema Mung'aro.

"Pengine?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Barnabas akakohoa. Alisema kwamba, basi, kwa magogo yake yeye angefikiria kwanza, maana na yeye ana watu wanaomngoja. Lori likanguruma, likarudi nyuma, likaondoka na mzigo wake. Mlangoni mwa ofisi ndogo alisimama Mama Sheryl, kalamu ikiwa sikioni. Alikuwa amesikia yote.

"Hujambo Mama Fahmi."

"Sijambo."

"Karibu japo maji."

"Ahsante. Nina haraka."

Njiani Khubaib alitembea mbele, mabega juu, kama mtu aliyeshinda kesi. Fadhiya alimfuata na aibu yake. Na hata ndani ya aibu ile, wivu ulijipenyeza ukapata pa kukaa. Sasa alimwonea wivu Mapenzi kwa kuwa na mume anayeweza kusema "ni mimi" hali si yeye.

*

Bi Mahira hakuhitaji kuambiwa. Habari za Majengo zilifika Ndia Kuu kabla ya adhuhuri. Alikuja mwenyewe, mwanamke mrefu wa manukato mazito, akasimama ukumbini, akaziangalia mbao bila kuzigusa.

"Khubaib, mimi sikuja kukulaumu. Lakini wageni wangu wanatoka Muscat na Jeddah. Siwezi kuwaingiza kupitia turubai."

"Nipe muda, Bi Mahira. Nitatafuta mvule mkavu."

"Wapi? Nimeuliza. Hakuna. Kuna fundi wa chuma kule Shimanzi, anautoa mlango kwa siku nne. Anautia na maua."

"Mlango wa chuma," alisema Khubaib. "Ndia Kuu."

"Kwani wezi wa Ndia Kuu hawakijui chuma? Jumatatu nipe jibu, baba. Leo ni Alhamisi."

Alipoondoka, Khubaib aliketi kwenye baraza akazinoa patasi zake zote kumi na moja. Alipomaliza, alianza upya na ya kwanza. Chakula alichopelekewa kilipoa. Fadhiya alimtazama kupitia mlangoni, akaziona nywele nyeupe nyuma ya kofia yake, na akajua kuwa akinyamaza hadi Jumatatu, atanyamaza hadi kaburini.

Lakini hakuwa na ujasiri wa kuanza naye. Ijumaa baada ya swala alivaa buibui, akaenda Majengo.

Hakuwa amewahi kufika kwenye nyumba ile. Aliwahi kuisimulia kwa watu, vigae na friji, lakini kwa kusikia tu. Alisimama mbele yake asiamini. Kuta zilikuwa za mawe, zimepakwa chokaa safi, madirisha yana vyuma. Na pale penye mlango wa mbele palikuwa na bati, limepigiliwa kwenye fito nne na kufungwa kwa waya.

"Hodi."

"Karibu. Sukuma, ila uinue kidogo, mlango wakwaruza."

Fadhiya aliinua bati, akaingia. Sakafu kweli iling'aa. Mama Sheryl alikuwa akichambua mchele, na hakusimama.

"Mama Sheryl, nimekuja kwa sababu ya zile mbao..."

"Ulizihamisha."

"Wajua?"

"Mung'aro alininusisha ubao mmoja kati ya zile mlizoziacha. Iliki na mafuta. Miaka minne nimeosha karai lako la mahamri, nisiijue harufu yake?"

"Na mbona hakusema?"

"Muulize yeye! Mimi nilimwambia akuseme. Nikamwambia kama yeye hawezi nitakwenda mimi, nisimame kwenye baraza lako nikuseme wasikie hadi Ndia Kuu. Akanikataza. Ati zamani fundi alikuwa akimpa kazi, lakini wewe ulikuwa ukimpa chai na mahamri mawili, hawezi kukutia aibu mbele za watu." Aliutikisa ungo kwa nguvu. "Mimi ningeweza."

Fadhiya aliokota punje ya mchele iliyoruka kutoka kwenye ungo.

"Na ulizificha kwa nini?"

"Niliogopa jicho."

"La nani?"

Fadhiya alitazama vigae. Ni kweli, mtu alijiona uso.

"Langu," alisema Mama Sheryl, akacheka cheko fupi kavu. "Miaka minne nilikaa uani kwako. Dhahabu yako ya arusi niliiona, mtoto wako nilimwogesha, hukunificha hata kijiko. Leo nimepata pangu ndiyo nimeota jicho?"

"Nisamehe, Mapenzi."

Lilikuwa jina la zamani, la wakati wa uani. Mama Sheryl aliuweka ungo chini.

"Na nikwambie kweli, maana umekuja na kweli. Wivu nilikuwa nao. Nilizitazama mbao zile kwa tamaa hadi mate yalinijaa. Unaona naingilia wapi." Alielekeza kidevu kwenye bati. "Mung'aro ana mvule wake kule nyuma ya karakana, mwaka wa tatu unakauka. Wa mlango huu. Kila nikimuuliza aniambia ngoja kidogo, mvule hauharakishwi. Wivu nilikuwa nao, Mama Fahmi. Lakini niliubeba nikarudi nao kwangu. Sikuuacha kwenye nyumba ya mtu."

Fadhiya alikaa chini, juu ya vigae vilevile, bila kukaribishwa.

"Nifanye nini?"

"Kamwambie mumeo. Kisha yeye aje amwambie Mung'aro palepale alipomtukana. Barnabas nitamwita mimi, na wafanyakazi wote wawepo."

"Na mlango wa Bi Mahira?"

"Waniuliza mimi mlango wa Bi Mahira?" Mama Sheryl aliuchukua tena ungo wake. "Kwanza hilo."

*

Khubaib alikuwa ukumbini. Fadhiya hakukaa.

"Si Mung'aro," alisema. "Ni mimi. Nilizitia chumba cha uani, nyuma ya jiko. Nilimficha Mama Sheryl asizione. Nikaondoa vijiti, nikazifunga nailoni."

Khubaib alimtazama kama anayetazama ubao ambao hakujua ulikopindia.

"Vijiti ukaviondoa."

"Hazikuenea."

"Vijiti ndivyo vinavyozipa pumzi! Hewa ipite juu na chini sawasawa, zikauke pamoja! Mwanafunzi wa siku mbili ajua!"

"Mwanafunzi ulimwambia," alisema Fadhiya, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Mimi uliniambia usiziguse. Miaka ishirini na mbili nafagia maranda katika nyumba hii, Baba Fahmi. Sijaambiwa hata siku moja kijiti ni cha nini. Kosa ni langu, sikimbii. Lakini ungeniambia, ningelala juu ya mbao zile mtu asizisogeze."

Khubaib aliokota kijiti kimoja, akakigeuza mkononi. Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, ikapotea.

"Umeniacha nikamtukana kijana wa watu."

"Nilikuacha."

Khubaib alikirudisha kijiti mahali pake. Alipozungumza tena hakuwa akimtazama.

"Nilitaka iwe ni yeye," alisema. "Aliponiambia upande huu ulikaa na moto, niliuona. Mimi fundi, niliuona. Nikajifanya sikuuona. Nilitaka sana iwe ni yeye."

*

Jumamosi Barnabas alikuwepo, na wafanyakazi watatu, na Kingi aliyesema amepita tu. Khubaib alivua kofia. Hakuzunguka. Alisema kosa lilitoka nyumbani kwake, kwamba kazi ya Mung'aro ilikuwa safi, na kwamba alimvunjia heshima mtu aliyemheshimu. "Naomba radhi," alimaliza, "mbele ya hawa hawa."

"Fundi, yamekwisha," alisema Mung'aro, mwenyewe amejaa haya. "Vaa kofia, jua kali."

Barnabas alisema kuwa lori lake liko njiani. Kisha Mung'aro akakuna kichwa.

"Kuna mvule kule nyuma, fundi. Mkavu. Watosha mlango. Lakini hapo niruhusu kwanza nimuulize Mama Sheryl."

Khubaib hakucheka. Alisimama juani na kofia yake mkononi, akangoja, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Mama Sheryl alitoka ofisini bila kuitwa. Hakumtazama Khubaib, alimtazama Fadhiya.

"Nawapa zangu," alisema. "Na zile zenu zilizopinda ni zangu sasa. Zikae ukumbini kwako, Mama Fahmi, mwaka mzima, na vijiti vyake, na mawe juu. Zipindue wewe kila Ijumaa. Zitakazorudi zimerudi, na zisizorudi Mung'aro atazipasua nyembamba aziunge. Na turubai sitaki. Zikae wazi."

"Zikae wazi," alisema Fadhiya.

Kingi alizirudisha mbao mbili kwenye mkokoteni. "Mbao hizi zina miguu kuliko mimi," alisema, na safari hii Fadhiya hakukohoa.

*

Mlango wa Bi Mahira ulitungikwa siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Mung'aro na Khubaib waliuinua pamoja, kila mtu bawa lake. Watu wa Ndia Kuu walisimama, wengine wakapiga picha kwa simu. Mama Sheryl alikuja na gauni la kanisani, akasimama kando, na Fadhiya alimwona akiutazama mlango uliokuwa uwe wake. Alikwenda akasimama ubavuni mwake.

Siku hizi, kila Ijumaa, kabla ya kuoga kwa ajili ya swala, Fadhiya huzipindua mbao kumi na moja. Khubaib alimwonyesha mara moja, polepole: tumbo lielekee chini, kijiti juu ya kijiti, mstari mmoja, mawe yasiegemee upande. Hata alimuuliza, "Unaonaje, huu umeanza kulala?" Fadhiya alichuchumaa akaulenga ubao kwa jicho moja kabla ya kumjibu.

Wivu haukuhama. Kuna asubuhi, akiwa ameinama, unamwambia kuwa huu utakuwa mlango mzuri, na hautakuwa wako. Naye huusikia, na huendelea kupindua.

Juzi alikuja jirani yake, Bi Khairiya, kununua mahamri ya shilingi hamsini. Alipofika ukumbini alisahau alichokijia. Alizizunguka mbao, akaweka mkono kiunoni, akazikodolea macho toka mwisho hadi mwisho.

"Yaa Fadhiya! Mvule mzima huu! Ni wenu?"

Hakusema mashaallah. Turubai lilikuwa limekunjwa kwenye msumari, karibu na kichwa cha Fadhiya, na mkono wake ulinyanyuka wenyewe ukaligusa. Ukakaa pale kidogo. Kisha ukashuka.

"Wa Mama Sheryl," alisema. "Wa mlango wake. Zitazame, Bi Khairiya. Zitazame upendavyo."

Na Bi Khairiya alipokuwa akizitazama, Fadhiya alikiona kijiti kimoja kimesogea. Alipiga goti, akakirudisha juu ya mwenzake.